Hesabu ya Punguzo: Jinsi ya Kununua Kompyuta ya Michezo

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la hesabu ambalo si la darasani. Nimeona afadhali nieleze jambo ambalo wanafunzi wengi huniuliza, hasa wale wa klabu ya kompyuta ya Jumamosi, yaani namna ya kununua kompyuta ya mezani ya michezo, ile ya daraja la juu ambayo huuzwa ikiwa imekwisha kuundwa, kwa bei iliyopunguzwa kweli. Nasema "kweli" kwa sababu mimi mwenyewe nalipata kupunguziwa bei isivyo kweli, na fedha zangu zikaenda. Nitaanza na kisa hicho, ingawa kinanitia haya kidogo mbele ya wanafunzi wangu.

Mwezi wa Desemba 2022 nalikwenda mjini na akiba yangu yote ya chama cha kuweka na kukopa. Katika duka moja nikaona kasha jeusi lenye kioo ubavuni, na ndani yake feni tatu ziking'aa nyekundu, kijani na buluu. Juu ya kasha palibandikwa karatasi. Bei ya zamani, shilingi 2,400,000, ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake pameandikwa 1,450,000. Karatasi ya pili ilisema kwamba prosesa yake ni Core i7 na kwamba mashine ni ya michezo. Muuzaji akaniambia, "Mwalimu, hii ni bahati yako. Kesho inarudi bei yake." Basi mimi, mwalimu wa hisabati, nikapiga hesabu palepale: 950,000 katika 2,400,000 ni karibu asilimia 40. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Nikalipa.

Shule ilipofunguliwa Januari 2023 naliipeleka klabu. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu akaiwasha, akafungua ukurasa wa maelezo ya mashine, akasoma kimya, kisha akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, prosesa hii ni i7-2600. Ni ya mwaka 2011." Tukaitazama kadi ya picha. Ilikuwa GT 730, kadi iliyotoka mwaka 2014, ambayo hata siku ilipotoka haikuwa ya kuendeshea michezo mizito. Kwa maneno mengine, nalinunua kompyuta ya zamani ya ofisi iliyovikwa kasha jipya na taa. Kwa kuandika barua na kupanga alama za mitihani inafaa, na mpaka leo naitumia kwa kazi hizo, lakini haikubali Windows 11, na Windows 10 nayo iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025.

Nalikosea wapi? Kugawanya na kuzidisha hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba naliichukua ile 2,400,000 kuwa kitu halisi, kama vile urefu wa ubao au uzito wa gunia, kumbe ni namba tu ambayo mtu mmoja aliiandika kwa kalamu yake. Punguzo la kompyuta halipimwi kwa bei iliyokatwa. Hupimwa kwa thamani ya vitu vilivyomo ndani ya kasha, siku ile unapotaka kulipa. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya sentensi hiyo.

Msidhani kwamba hila hii ni ya maduka yetu tu. Huko Marekani, ambako kompyuta nyingi za namna hii huuzwa, Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ina mwongozo usemao kwamba bei ya zamani inayotangazwa sharti iwe bei ambayo muuzaji aliitoa kwa umma kwa haki na kwa muda wa kutosha. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekaza zaidi. Tangu tarehe 28 Mei 2022 sheria yao yamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Sheria hazitungwi bila sababu, na mtu akiona sheria kama hizo ajue kwamba kalamu nyekundu imefanya kazi nyingi katika nchi nyingi. Ndiyo maana wanunuzi wenye uangalifu hutazama kumbukumbu za bei kabla ya kununua. Kwa vitu vinavyouzwa na Amazon, mathalan, CamelCamelCamel huonyesha kwa mchoro jinsi bei ya kitu ilivyopanda na kushuka. Mara nyingi utaona kwamba ile bei kubwa iliyokatwa haikudumu hata juma moja.

Sasa nije kwenye hesabu yenyewe. Mdogo wangu anasoma Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Anajifunza kutengeneza picha za pande tatu, zile zinazotumika katika filamu na katika michezo ya kompyuta. Kazi hiyo hutaka mashine ileile atakayo mchezaji, kwa sababu kadi inayochora mbio za magari katika mchezo ndiyo hiyo hiyo ichorayo nyumba na watu katika filamu. Mwaka 2024 aliambiwa na walimu wake kwamba kuanzia Januari atahitaji kompyuta yake mwenyewe. Nyumbani tukakaa kikao. Mama akauza mitamba yake miwili, nami nikaongeza mkopo mdogo. Jumla tulipata shilingi 5,300,000 hivi, na kwa kuwa wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,650, zikawa dola 2,000. Mitamba ilikuwa miwili tu, na hakukuwa na mingine.

Wiki moja kabla ya ile Ijumaa ya mwisho wa Novemba ambayo Wamarekani huiita Black Friday, yaani siku inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, mdogo wangu akanipigia simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Habari za masomo?"

"Nzuri. Kaka, nimeona mashine. Ilikuwa dola 2,699, sasa ni 1,799. Wamepunguza dola 900! Na ni Core i9."

Naliposikia "wamepunguza dola 900" nikaona zile feni zangu tatu ziking'aa. Nikamwambia asilipe, aniletee kwanza orodha ya kila kilichomo ndani, kwa jina kamili na namba kamili.

Hapa yafaa nieleze kidogo viungo vya mashine kwa faida ya wale wasiovijua. Kadi ya picha ndiyo ichorayo kila kinachoonekana, na katika kompyuta ya michezo ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote. Prosesa ndiyo ifanyayo hesabu nyingine zote. RAM ni mahali pa kuweka kazi inayofanywa sasa hivi, na diski ni ghala. Ubao mkuu huunganisha vyote. Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuugawa. Kisha kuna kipozeo, kasha, na programu ya Windows, ambayo mtu akiinunua peke yake dukani kwa bei iliyoandikwa ni dola 139. Muuzaji wa mashine iliyokwisha kuundwa hununua vitu hivi, huviunganisha, huvijaribu, hutoa dhamana, na hutaka faida yake. Mimi humhesabia dola 100 mpaka 150 kwa taabu hiyo. Akitaka zaidi aeleze sababu.

Basi tukaandika. Kadi ilikuwa RTX 4060 Ti ya GB 8, dola 400. Prosesa Core i9 ya kizazi cha 13, tuliikuta kwa 430. Ubao mkuu wa daraja la chini, 120. RAM ya GB 16, kipande kimoja, 50. Diski ya TB 1, 65. Pawa saplai isiyotajwa jina, tukaikadiria 65. Kasha 60, kipozeo 50, Windows 139. Jumlisheni wenyewe, mtapata 1,379. Mtie dola 150 za kazi, inakuwa 1,529. Naye alikuwa akitaka 1,799. Kwa hiyo mashine iliyopunguzwa dola 900 ilikuwa imezidishwa dola 270.

Tena haikuwa bei tu. Tazama jinsi fedha zilivyogawanywa. Kadi, ambayo ndiyo mwili wa mashine ya michezo, imepata 400 katika 1,799, yaani asilimia 22. Prosesa imepata zaidi ya kadi. Kwa nini? Kwa sababu jina "i9" hujulikana na kila mtu, hata asiyejua kitu, na huandikwa juu ya kasha kwa herufi kubwa. Kadi huandikwa chini kwa herufi ndogo. Mimi huona kwamba katika mashine nzuri ya michezo kadi yapasa kuchukua baina ya theluthi na nusu ya bei yote. Ikishuka chini ya robo, ujue umeuziwa jina. RAM nayo ilikuwa kipande kimoja badala ya viwili. Prosesa hizi husoma vipande viwili kwa pamoja, kama mtu achotaye maji kwa mikono miwili, na ukimpa kimoja umemfunga mkono. Zaidi ya hayo, prosesa za Core i9 za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa na ila iliyojulikana mwaka huohuo wa 2024. Baadhi yake ziliharibika kwa kupata umeme wa nguvu kupita kiasi, mpaka Intel ikatoa marekebisho mwezi wa Agosti na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Si lazima mtu azikimbie, ila sharti ahakikishe kwamba marekebisho yametiwa, na ajue kwamba bei zake zilishuka kwa sababu.

Nimesema jina kamili na namba kamili. Nataka mlishike sana neno hilo, maana hapa ndipo wengi huanguka. Mwezi wa Septemba 2022 kampuni ya Nvidia ilitangaza kadi mbili zenye jina moja, RTX 4080, moja ya GB 12 na nyingine ya GB 16. Mtu angedhani kwamba tofauti ni kumbukumbu tu, kumbe hata kitovu chake, yaani ile chipu yenyewe, kilikuwa tofauti na kidogo zaidi. Watu walilalamika sana, na tarehe 14 Oktoba kampuni ikaiondoa ile ya GB 12 kabla haijauzwa. Januari 2023 ikatoka kwa jina la RTX 4070 Ti, na bei ikawa dola 799 badala ya 899. Kwa hiyo jina peke yake lilikuwa na thamani ya dola 100. Tena Aprili 2025 ilitoka RTX 5060 Ti ya GB 8 kwa dola 379 na ya GB 16 kwa dola 429, jina moja, na tangazo la mashine laweza kusema "5060 Ti" likanyamaza. Likinyamaza, mimi huhesabu ile ndogo.

Turudi Columbus. Mdogo wangu alikasirika kidogo, kama vijana wakasirikavyo wanapoharibiwa furaha yao, lakini akaenda kutafuta. Baada ya siku tatu akaniletea orodha nyingine. Bei ya zamani dola 2,199, bei mpya 1,949. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Kaka, hii wamepunguza 250 tu. Ni asilimia 11." Ndani yake kadi ilikuwa RTX 4080 Super ya GB 16, ambayo Nvidia iliitoa Januari 2024 kwa dola 999. Prosesa Ryzen 7 7700X, 280. Ubao 160. RAM GB 32, vipande viwili, 100. Diski TB 2, 120. Pawa saplai ya wati 850, yenye jina linalojulikana, 110. Kasha 90, kipozeo 60, Windows 139. Jumla ni 2,058. Naye muuzaji alitaka 1,949! Yaani ukienda kununua vitu hivyo kimoja kimoja na kuviunganisha kwa mikono yako bila malipo, ungepoteza dola 109. Kadi peke yake ilichukua zaidi ya nusu ya bei. Hili ndilo punguzo la kweli, ingawa karatasi yake ilikuwa ndogo.

Lakini furaha yetu ilikutana na jambo tulilolisahau. Katika maduka ya Marekani bei iliyoandikwa haina kodi ndani yake kama bei zetu. Kodi ya mauzo huongezwa ulipapo, na kila mahali ina kiwango chake. Columbus mwaka ule ilikuwa asilimia 7.5. Basi 1,949 ikawa 2,095 na senti 18. Tulikuwa na 2,000. Tulipungukiwa dola 95 na senti 18, karibu shilingi 252,000. Mama hakuwa na mtamba wa tatu, nami mkopo wangu ulikuwa umefika kikomo. Nawaambia vijana, naliuhisi usiku ule kuwa mrefu.

Ndipo nikaanza kufikiri juu ya kungoja, na hapa nitaeleza habari ya majira, maana ndiyo iliyotuumiza kichwa kuliko yote. Watu wengi husema, "Ngoja kizazi kipya cha kadi kitoke, kile cha zamani kitashuka bei." Kanuni hii ina ukweli ndani yake. Mwaka 2021, mathalan, kadi zilikuwa adimu. RTX 3080, iliyotangazwa Septemba 2020 kwa dola 699, iliuzwa mitaani kwa mara mbili ya hiyo na zaidi, kwa sababu chipu zilipungua duniani na kwa sababu wachimbaji wa sarafu ya Ethereum walizinunua kwa malundo. Wakati huo hata mtu aliyetaka kadi tu alinunua kompyuta nzima, maana ndiyo njia rahisi. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadili utaratibu wake, wachimbaji wakawa hawana kazi tena na kadi, na mwezi uliofuata RTX 4090 ikatoka. Waliongoja mpaka miezi ile walipata kizazi cha 30 kwa bei ya kushuka sana.

Mwishoni mwa 2024 kila mtu alijua kwamba kizazi cha 50 ki karibu kutoka. Nalikuwa tayari kumwambia mdogo wangu, "Ngoja mpaka Februari." Kilichonizuia si akili, ni ratiba ya chuo chake, maana masomo yalikuwa yaanze Januari. RTX 5080 na 5090 zilitoka tarehe 30 Januari 2025. Zilikuwa chache mno, nyingi ziliuzwa juu ya bei iliyotangazwa, na zile za kizazi cha 40 za daraja la juu, badala ya kushuka, zilikuwa zimekwisha madukani kwa sababu kiwanda kilikwisha kuacha kuzitengeneza. Kama tungalingoja kwa kufuata kanuni yangu, tungaliumia. Tena mwishoni mwa 2025 jambo jingine likazuka. Bei za RAM zilipanda mpaka zikapita mara mbili, kwa kuwa viwanda vilielekeza chipu zao kwenye mashine kubwa za akili bandia, na Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ikatangaza kwamba itaacha kuuza RAM za jina la Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Katika miezi ile baadhi ya kompyuta zilizoundwa mapema zilikuwa rahisi kuliko jumla ya viungo vyake, si kwa sababu wauzaji walikuwa wakarimu, ila kwa sababu RAM yao waliinunua zamani. Kwa hiyo simwambii mtu angoje wala asingoje. Namwambia apige jumla ya viungo kwa bei za juma hilohilo. Orodha ya mwezi uliopita ni orodha ya zamani.

Kilichotuokoa ni duka lenyewe. Maduka makubwa ya huko humruhusu mnunuzi kurudisha kitu ndani ya siku kadha, na Costco, mathalan, hutoa siku 90 kwa kompyuta. Vitu vinavyorudishwa haviuzwi tena kama vipya. Best Buy huviita vya kasha lililofunguliwa na kuvipanga kwa madaraja, na viwanda kama Dell vina mahali pa kuuzia mashine zilizorudishwa na kukaguliwa, zikiwa na dhamana yake. Mwanafunzi naye hupata bei ya mwanafunzi kwa Dell, HP na Lenovo, ingawa mara nyingine bei hiyo huwa kubwa kuliko ya Black Friday, kwa hiyo asiipokee kwa macho yaliyofumbwa. Mdogo wangu aliuliza katika duka lile kama kuna mashine ya namna ileile iliyorudishwa. Ikawako moja, ya daraja bora, kwa dola 1,754. Pamoja na kodi ilikuwa 1,885 na senti 55. Akalipa, zikabaki dola 114 na senti 45.

Nalimwagiza kwamba kabla hajafurahi aiwashe na kulinganisha kila kitu na orodha. Vijana wa klabu yetu watakumbuka ni nani aliyenifundisha kufungua ule ukurasa. Kadi ilikuwa sawa, prosesa sawa, diski sawa. RAM ilisoma GB 16. Mtu aliyeirudisha mashine alikuwa amechomoa kipande kimoja akakiweka mfukoni, na mkaguzi wa duka hakuona. Siku ya pili mdogo wangu akaibeba mashine hadi dukani, kilo zipatazo 18, kwa basi, na baada ya kubishana kwa saa nzima wakamtilia kipande kingine. Angalisubiri mpaka muda wa kurudisha upite, nani angalimwamini?

Jambo moja dogo lamhusu kila mtu anayetaka mashine kutoka huko ije kwetu. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Pawa saplai nzuri za siku hizi zimeandikwa ubavuni "100-240" na hujipanga zenyewe, hazihitaji ila waya mwingine wa kuchomeka. Nyingine, hasa za bei rahisi, zina swichi nyuma ya kuchagua 115 au 230, na ukiisahau swichi hiyo utasikia mlio mmoja tu, wa mwisho. Ya mdogo wangu imeandikwa vizuri. Anatazamia kurudi nayo.

Mama aliponipigia simu kuuliza, nalimweleza habari za kadi, prosesa na kile kipande kilichoibwa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo mashine ina taa za rangi kama ile yako?" Nikamjibu kwamba anazo mbili, lakini mdogo wangu amezizima. "Vizuri," akasema, "umeme ni ghali."

Sasa zoezi, kwa wale wa kidato cha kwanza na cha pili hasa. Bei za mashine nimezitunga mwenyewe, ila bei za kadi ni zile zilizotangazwa na kiwanda mwaka 2025. Kompyuta ya kwanza ilikuwa dola 3,200, sasa ni 2,400. Kadi yake ni RTX 5070 Ti, 749. Prosesa ni 450, na vingine vyote pamoja ni 900. Kompyuta ya pili ilikuwa 2,300, sasa ni 2,150. Kadi yake ni RTX 5080, 999. Prosesa ni 330, na vingine vyote ni 850. Mhesabie kila muuzaji dola 120 za kazi. Kodi ya mauzo ni asilimia 8, na mnunuzi ana dola 2,330. Tafuta punguzo lililotangazwa la kila moja kwa asilimia, kisha punguzo la kweli kwa dola, ukikumbuka kwamba punguzo la kweli laweza kuwa chini ya sifuri. Halafu eleza ni ipi anayoweza kuilipia, na zitabaki dola ngapi. Majibu niletewe ofisini kabla ya siku ya kufunga shule, yakiwa na njia yote, si jibu tupu.